Alikuwa Hai?

Manati kumi na moja mezani kwangu, Muheza,
kila moja na karatasi shingoni:
jina, kijiji, tarehe, alikutwa na.
Panda za mpera, panda za mchungwa,
moja ya nondo, kazi ya fundi kabisa;
mipira ya tyubu za baiskeli,
na vile vipande vya ngozi vya kulazia kokoto.
Kimoja ni ulimi wa kiatu cha shule.
Kuna baba hadi leo anashangaa kiatu kinaingizaje maji.

Bwana Wanyamapori hukamata. Mimi huandika.
Kitabu kinasema mwenye manyoya ana mwenyewe,
na mwenyewe ni Serikali,
hata pugi, mdogo kuliko ngumi,
hata tetere anayefukua mahindi ya Mza Singano
siku ya tatu baada ya kupandwa.
Mahindi ni ya Mza. Tetere si wake.
Akila, hakuna fomu. Akiliwa, fomu ipo.

Sifanyi mzaha. Nimepita njia ya kupandia Amani
asubuhi nzima sikusikia mlio,
kisha nikawakuta: vijana tisa, mifuko imejaa kokoto,
wanahesabiana vichwa kama mabao,
na ndege wenyewe wamewaacha njiani, siafu wanakula.
Kwa hao kalamu yangu haisiti.

Ila leo kaletwa Semboja, darasa la tano,
vumbi jekundu la Ngomeni mpaka magotini,
mfukoni tetere mmoja, na nusu ya wembe.
"Wembe wa nini?"
Bwana Wanyamapori ni mgeni wa kazi huku.
Mimi najua wembe wa nini.

Jiwe halihalalishi. Jiwe huangusha tu.
Na kati ya jiwe na wembe kuna mbio:
unakata mistari ya mkonge, miiba inakuchana mapaja,
unamkuta kalala ubavu, jicho moja linakutazama,
kope ya chini inapanda, taratibu,
Bismillahi, upesi, kabla hajamaliza kufa.
Nilikuwa namwombea ndege uhai
nipate kumchinja.

Mwaka ilipozimwa korona ya mkonge
baba akarudi na kisu cha kukatia, bila mshahara,
nilimpiga mmoja nyuma ya ghala.
Nikakimbia.
Nikachelewa.
Shingo ilishakuwa kamba.
Nilikata hivyo hivyo. Damu ilitoka kidogo,
nzito, kama mtu anayelipa deni si lake.
Nyumbani mama akamgeuza kiganjani:
"Alikuwa hai?"
"Hai."
Akamchemsha kwa chumvi na ndimu. Akanipa paja.
Yeye akala shingo, mahali penyewe nilipokata,
akalamba vidole, akashukuru.
Yule hana fomu wala shahidi.
Mama amezikwa na tetere wangu tumboni.

"Andika," anasema Bwana Wanyamapori.
Naandika. Jina. Kijiji. Silaha: manati.
Nyara: tetere, mmoja.
Kibali: hana.
Kisha nainua kichwa, nauliza swali lisilo na safu.

Semboja anautazama wembe. Ananitazama.
"Huyu, ndiyo, alikuwa hai.
Wa jana aliruka na mguu mmoja.
Nilimtafuta mpaka adhana ya magharibi."

"Ya jana hayatuhusu," anasema mwenye bunduki,
anatoka nje kupokea simu.

Naigeuza karatasi, natafuta pa kuiweka jana.
Nyuma kuna muhuri. Mbele pamejaa.
Ukingoni pamebaki upana wa unyoya.
Naandika hapo, kwa herufi za kufinya:
alitafuta.