Ufunguo wa Stoo

Nusu lita kwa kila kichwa, ndivyo wanavyohesabu huku,
ukiwatoa watoto na padri.
Wageni mia moja ishirini na wanane.
Nilichukua daftari la marehemu mama, lile la mayai,
nikaandika: chupa sabini.
Zenon, kaka yangu, alitazama asiseme kitu.
Mkewe akasema, Watatucheka mpaka Rzeszów.
Na wacheke. Kicheko hakilipiwi dukani.

Mazurek mwenye duka ana utaratibu wake:
chupa isiyofunguliwa hurudi, na pesa yake hurudi.
Basi ufunguo wa stoo nikauvaa shingoni,
ubaridi kifuani chini ya gauni la bluu,
nikavuta kiti mlangoni, ukumbi wa wazimamoto,
shangazi wa bibi harusi, bawabu wa vodka.

Usidhani ni uchoyo tu, jambo hili lina adabu zake.
Mgeni haulizwi amekunywa ngapi.
Mgeni hauziwi glasi kwenye harusi uliyomwita,
afadhali usimwite.
Kidogo ulicho nacho kitoe kwa uso mkunjufu,
ila kitoe polepole.
Ya pili haifunguki ya kwanza ikiwa na tone.
Jagi la sharubati ya cheri lisikauke,
supu ya bitiruti iwe ya moto saa sita usiku,
na wapiga muziki uwe umewanong'oneza:
mkiona glasi zinanyooshwa, pigeni polka.
Hakuna awezaye kucheza polka huku anakunywa.
Wiesiek alijaribu. Tazama suruali yake.

"Chungu! Chungu!" ukumbi ukapiga kelele,
maana hapa kinywaji ni kichungu
mpaka maharusi wabusiane.
Jagoda akambusu Kuba wake,
watu wakahesabu, moja, mbili, tatu, nne,
nami huku nikahesabu, thelathini na nane,
thelathini na tisa.

Saa nane akanijia Wiesiek, mjomba wa bwana harusi.
"Kwetu," akasema, "vodka ingetiririka."
"Ingetiririka. Na nani angepiga deki?"
Akaniita bahili, jikoni wakasikia,
sufuria zikanyamaza.

Bahili.
Sikukanusha.
Neno hilo ni koti, nimelivaa kwa kusudi,
lina mifuko mikubwa.

Meza ya mbele, kushoto kwa bibi harusi,
Zenon alikaa wima kama mtu anayepigwa picha,
glasi yake ndogo imejaa maji,
akiinua kila walipoinua.
Miaka sita na miezi miwili.
Kila chupa iliyopita mbele yake
ilimsalimu kwa jina, jina la utotoni,
lile ninalolijua mimi na chupa tu.
Kuzizuia zote nisingeweza, harusi ni harusi.
Kuzichelewesha niliweza.
Kwa watu nilisema, gharama.

Jumatatu tulirudisha kumi na tisa.
Zenon alikataa nisibebe.
Alivuka barabara na kreti kifuani,
vioo vikigongana kila hatua,
akaliweka kaunta taratibu
kama anayelaza mtoto aliyesinzia mwishowe.
Mazurek akahesabu noti, akalamba kidole, akahesabu tena.

"Zimebaki nyingi," Zenon akasema,
hakunitazama.

Nikamwambia, "Nilikosea hesabu."