Barafu ya Mwezi wa Juni

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, ndani ya banda la ndege:
viti vya plastiki, birika la chai linalovuja,
ndege mbili zimesukumwa ukutani kutupisha.
Nje, theluji ya Lithuania imelala kwenye njia ya kurukia.
Leo zamu yangu.
Naitwa Aldona. Nina saa elfu mbili na mia nne angani
na dakika moja ambayo sikuiandika.

Ilikuwa Juni, adhuhuri, digrii kumi na nane,
ziwa chini yangu halina hata kunyanzi.
Nani huwaza barafu akiwa amekunja mikono ya shati?
Mvua ilinyesha alfajiri, hewa ilikuwa na ubichi wa nguo isiyokauka,
nami nimepunguza moto, nateremka polepole,
nikiimba. Ndiyo, nilikuwa nikiimba.

Injini ikakohoa.
Si kikohozi cha kuomba maji. Cha mtu aliyekabwa.
Mshale wa mizunguko ukaanguka, ukainuka, ukaanguka,
rafadha ikaanza kuonekana panga kwa panga,
na mkono wangu, si akili yangu, mkono,
ukavuta kifundo cha hewa moto.
Ikazidi kuwa mbaya.
Likumbukeni hili: kwanza huzidi kuwa mbaya,
na hapo ndipo wengi hukirudisha kifundo.
Kisha ikameza maji yake, ikaguna, ikarudi.

Nilitua. Nikafuta viganja kwenye suruali.
Daftarini, safu ya kasoro, nikaandika: Hakuna.
Mwalimu wa marubani, miaka kumi na tisa,
aseme alisahau kupasha kabureta?

Siku kumi na moja baadaye Vaidotas akaichukua ndege ileile.
Miaka ishirini na sita, fundi wa lifti.
Kwenye kiti cha pili aliweka keki ya dada yake,
akaifunga mkanda.
Waliokuwa shambani walisema walisikia kimya.
Mtu husikiaje kimya?
Mimi najua.

Wachunguzi walikuja na glavu na mifuko.
Petroli: ipo. Plagi: safi. Oili: sawa.
Nyaya zote zimeshika.
Kabureta waliifungua juani, juu ya turubai,
na ndani yake hapakuwa na kitu,
kwa kuwa muuaji alikwisha kuyeyuka,
akadondokea kwenye shayiri tone kwa tone,
akaenda zake.
Waliponiuliza kama niliwahi kuona kasoro,
daftari likanijibia.
Kurasa thelathini na moja. Sababu: haikubainika.

Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.
Mimi niliuficha, kikamuumbua mwingine.

Imenichukua miaka minne kusimama hapa,
na sikuja kulia. Nimekuja na kipande cha chaki.
Hii ni halijoto. Hiki ni kiwango cha umande.
Mistari hii ikikaribiana hivi,
hata kama jua linakuchoma shingo,
vuta kifundo kabla hujapunguza moto, si baada.
Kivute chote.
Injini ikitetemeka, ngoja. Hesabu. Ngoja tena.
Na ukitua, andika.
Andika kabla viganja havijakauka.

Birika linadondosha.
Kęstutis, aliyeruka kabla sijazaliwa, anatazama buti zake.
Kisha kule nyuma Ugnė, mwanafunzi wa mwezi wa tatu,
anainua mkono nusu, kama anayejikuna sikio:
"Jumapili... sikukaza kifuniko cha tangi.
Nilikiona kinaning'inia tukiwa juu.
Sikusema."

Hakuna anayecheka.
Namsogezea daftari.
Anauliza aandike kwenye safu gani.