Baba Anahesabu Mizunguko

Kitu cha kwanza alichouliza, hata kabla ya kuketi,
ni nani aliyesuka koili ile.
Daktari Tshiani akacheka: imetoka mbali, imezibwa, haifunguliwi.
Baba akaigonga kwa ukucha wa mkono mzima:
"Ndani ni shaba. Shaba naijua hata ikivaa plastiki."

Miaka ishirini na sita alisuka mota za kampuni,
nyuma ya bomba refu la moshi, chini ya kilima cheusi cha mavi ya shaba,
waya ukipita kati ya gumba na shahada,
mzunguko juu ya mzunguko, hakuna kuandika,
hesabu yote kichwani.
Kisha asubuhi moja ya Machi kikombe kikamponyoka,
na mkono wa kulia ukawa mgeni mezani.

Mimi ni yule anayekaa nyuma ya kompyuta.
Kazi yangu ni mlinganyo:
naingiza nguvu ya sumaku, natoa urefu wa wimbi la msuli.
Chini ya kizingiti, kimya.
Juu yake msuli unajibu, kidogo, zaidi, zaidi,
mpaka unagusa dari na kutulia.
Mchoro wake unapanda kama kilima kilekile
ukikitazama kutoka upande wa reli.

Tak.
Sumaku haigusi. Inapenya mfupa
kama ugomvi wa jirani unavyopenya ukuta.
Gumba la baba linaruka,
naye analitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
"Limecheza lenyewe," anasema. "Haikuwa mie."

Tak. Tak. Umeme unakatika.
Tunangoja jenereta, baba anaomba chai,
tunaanza upya.

Usiku, Katuba, nafungua kompyuta kwa betri iliyobaki.
Nukta zinakaa juu ya mstari wangu kwa adabu,
ila kumi na moja zimeruka juu:
nguvu ileile, kichwa kilekile, koili palepale.
Kitabu kinasema ni kelele,
chukua wastani, songa mbele.
Nikaziita kelele. Nikaandika salio, nikalala.

Asubuhi namvalisha shati,
nauliza tu, bila kalamu: jana, baba, ulikuwa unawaza nini?
"Mlisema nipumzike. Nilipumzika.
Nilikuwa nasuka."
"Unasuka?"
"Mota ya pampu, ya shimo la tatu. Mizunguko mia moja arobaini.
Kila nikifika themanini na kitu mnanikata na hiyo tak yenu.
Naanza tena."

Kwenye mlinganyo wangu kuna nguvu, kizingiti, mwinuko, dari.
Hakuna mahali pa mtu anayehesabu.
Ningeweza kuongeza kigeu, herufi moja, hata ya Kigiriki,
na zile kumi na moja zingerudi kwenye foleni;
profesa angefurahi.
Lakini nimeshika kifungo cha nne,
kidole chake kimelala juu ya changu, hakichezi,
na midomo yake inakwenda taratibu,
tisini na mbili, tisini na tatu,
basi naacha shati wazi
mpaka amalize safu.