Figa la Tatu

Nilitumwa kutoka Helsinki kuhesabu kilichopotea.
Jalada lilikuwa mkobani, kurasa mia mbili na kumi,
na swali moja juu yake, kwa kalamu nyekundu:
Fedha za umma zilikwenda wapi?

Treni hadi Joensuu, kisha basi lenye abiria wanne,
theluji pande zote kama fomu isiyojazwa.
Juuka ni mji wa jiwe la sabuni,
kijivu, laini, ukilikuna kwa ukucha linakubali,
ukilipasha moto halisahau upesi.
Bibi zao walilijengea meko,
wakaoka mkate leo, wakaota joto lake kesho.

Veikko Turpeinen, mchomeleaji, hakunipa mkono;
ulikuwa na grisi hadi kiwikoni.
"Ndilo hili," akasema,
nikaona tangi refu kama ghala la nafaka,
tani themanini za jiwe tumboni,
na waya mnene kutoka kwenye mitambo ya upepo kilimani.
Usiku, upepo ukivuma na nchi imelala,
umeme usiotakiwa na mtu huingia humu ukageuka joto.
Asubuhi joto litoke, liende shuleni
badala ya moshi wa mboji ya kinamasi.

Litoke, alisema. Hakusema hutoka.
Niliisikia sarufi ile.

Lilifanya kazi siku tisa.
Siku ya kumi feni ikakatika ubawa.

Ubawa mmoja. Kipande cha chuma kisichozidi mkono wangu.
Inkeri Hassinen wa chuo kikuu alikwisha kukokotoa
aloi itakayostahimili nyuzi mia tano,
makala yake yakasomwa hadi Korea,
lakini ruzuku yake iliisha Desemba, na kanuni inasema
fedha za kubuni si fedha za kukarabati.
Halmashauri ingenunua joto, tena kwa furaha,
pindi mtu mwingine akishatangulia kununua.
Benki ikaomba cheti.
Ofisi ya viwango ikajibu kwamba chombo cha namna hii
hakina fomu, na kisicho na fomu hakipimiki.

Naijua fomu hiyo isiyokuwapo.
Ni mimi niliyeahirisha kikao chake,
mara mbili,
kwa sababu ya likizo.

Figa moja haliinjiki chungu, sawa.
Lakini sisi mafiga tulikuwa nayo yote,
yamechongwa vizuri, kwa gharama,
kila moja chumbani kwake, nyuma ya kufuli lake,
na chungu tumekishika mikononi
tukilaumu kuni.

Veikko akafungua mlango wa chuma.
Ndani, mahali pa feni iliyovunjika,
amefunga feni ya kukaushia nyasi za ng'ombe,
ameiazima kwa shemeji yake tangu majira ya kupukutika.
Inasukuma joto kidogo, la kutosha darasa moja.
"Hii haimo kwenye ripoti yoyote," akasema,
akitazama viatu vyangu vya mjini.

Nilivua glavu, nikagusa jiwe.
Sitaeleza.

Darasa la pili walikuwa wakijifunza kutoa na kukopa.
Glavu zao zilizolowa zimepangwa juu ya bomba, zikifuka mvuke,
na mtoto mmoja, Aatos, mwenye pengo mbele,
akaniuliza: "Wewe ndiye umeleta feni?"

Saa tisa alasiri ilikuwa giza tayari.
Kwenye basi nililikata lile swali jekundu,
nikaandika jingine chini yake, mwandiko ukirukaruka na barabara:
Nani hulipia siku ya kumi?
Kisha, penye mapendekezo: ubawa mmoja, bei yake,
fomu moja, tarehe yake,
na shule iwe mnunuzi wa kwanza, hazina ikiwa mdhamini.

Jibu limefika wiki hii, mstari mmoja, bila salamu:
Tafadhali taja kifungu cha bajeti.

Nakitafuta.
Nimebaki ofisini, taa za jirani zimezimwa.
Nje ya dirisha upepo unavuma
bure.