Maharimu Wangu Ana Miaka Saba

Jino limeniuma tangu Jumamosi,
gego la chini, upande ninaolalia.
Leo Jumatano. Shavu limeumuka
kama unga uliosahauliwa.

Namwamsha maharimu wangu.
Namfuta kamasi, namfunga kamba za viatu,
namwambia, "Haya, Farhang, nipeleke."
Bila yeye sivuki kizingiti.
Mimi nilimtoa tumboni, hapa hapa Herat, usiku wa theluji,
sasa yeye ndiye wa kunitoa nje.
Kwenye njia panda analia, anaogopa pikipiki.
Namshika mkono. Ndivyo anavyonilinda.

Kizuizini askari anamuuliza yeye:
"Huyu nani wako?"
"Mama."
"Anakwenda wapi?"
Mtoto ananitazama. Nanong'ona: daktari, jino.
"Nyamaza wewe! Sauti ya mwanamke ni uchi."
Kisha, akigeuza karatasi juu chini:
"Umesemaje? Sema kwa nguvu, sikusikia."

Daktari Ghausuddin ana kiti, ana taa, ana sindano ya ganzi.
Anasimama mlangoni, macho kwenye viatu vyangu.
"Dada, nisamehe. Ukifungua kinywa wewe,
kliniki yangu itafungwa."
Mwanamke atibiwe na mwanamke.
"Yuko wapi huyo mwanamke?"
"Alihamia Mashhad."
"Na wasichana waliokuwa wakisomea?"
Anakuna ndevu.
Msichana asisome.
Amri zote mbili zinaning'inia ukutani kwake,
fremu moja, msumari mmoja,
wala hazioneani haya.

Dereva wa teksi anampima Farhang, kofia hadi kiatu.
"Huyu mdogo mno. Lete mwanamume."
Kwa askari alitosha.
Tunarudi kwa miguu, shavu likipiga ngoma yake.

Homaira, wifi yangu, alisomea meno miaka miwili na nusu;
nusu iliyobaki iko nyuma ya lango lenye kufuli.
Anachemsha koleo la marehemu baba mkwe.
Anasaga karafuu.
Jikoni hakuna wa kutuona: dirisha waliliziba kwa matofali,
jirani asituone tukimenya vitunguu.
Ahsanteni, matofali.

"Uma kitambaa," ananiambia. "Sauti yako ni uchi."
Tunacheka, mimi kwa upande mmoja wa uso.
Kisha sicheki.

Gego liko kwenye kisahani cha chai, lina mizizi mitatu.
Farhang, aliyekuwa akilinda mlango,
anakuja kulitazama huku akilisukuma lake kwa ulimi,
jino la mbele, la maziwa, linalocheza tangu Idi.
"Tulitie kwenye tundu la panya," anasema. "Atakuletea jipya."
"Langu halioti tena, mwanangu."
Anakunja uso. Anafikiri.
"Mimi ndiye maharimu wako," anasema.
"Nimeruhusu."