Mizani

Thelathini ya miaka, Kilindini nikipima,
malori yakiondoka, tani zao nikisema,
uzani nikiandika, karani mwenye heshima,
tumbo langu likinona, pasi wa kunipimia.

Nilipotoka kazini, nalikaa kwa baraza,
mahamri sahanini, viazi vya kukoleza,
kaimati ya jioni, nayo shira kumaliza;
kilo tisini na saba, nesi akanitajia.

Nikala mboga na ndimu, wali ukawa ni mwiko,
kilo zikenda kwa zamu, natamba huku na huko,
wakaja kunisalimu, nami sina masumbuko;
mwaka haukutimia, zote zikanirudia.

Zikarudi na wageni, mbili tatu za zawadi.
Mwanakheri kwa utani, akacheka hana budi:
"Mume wangu, bandarini, mizigo haikurudi?
Kushusha si kazi hasa, kazi ni kuizuia."

Nyumba yetu Tononoka, orofa tatu kupanda,
ngazi nane nikifika, hupumua kama punda,
nane nyingine hushika, ukuta nikiukanda;
nane kwa nane, ya Rabi, mshororo watimia!

Mizani za kuandika, nazihesabu kidole,
na ile aliyoweka, nesi miguuni pale,
kumbe ni moja hakika, hesabu yake ni ile:
ukiruka hata moja, beti yakuangukia.

Mwanangu Swabiri kaja, ataka nende jimuni,
kuna mashine za haja, wakimbia, wako ndani,
kulipa hakuna ngoja, muziki masikioni.
Nikamwambia, "Mwanangu, maji nani tanitia?"

Bomba letu ni la jina, maji huja kwa msiba,
Karisa huja mchana, mitungi ameibeba,
nashika mmoja, tena, lita kumi, sio haba;
arubaini na nane, jasho lanisalimia.

Marikiti kwa miguu, bodaboda nazikana,
nazi tatu, kitunguu, na mchicha nikiona,
jua likiwa la juu, kivulini napishana;
wa kahawa huniita, "Shekuwe, njoo tulia!"

Ijumaa ni Likoni, dada Nuru kumzuru,
muinuko wa ferini, magoti yapiga nduru,
vijana wenda angani, mie chini nashukuru;
Nuru anipa chapati, nusu namrudishia.

Nazi nakuna jikoni, mbuzi nimeshaishika,
wenzangu wa barazani, mbavu zao hupasuka,
ati bwana wa mizani, machicha yamemvika!
Wacheke wakitosheka, mabega yameridhia.

Mjukuu wangu Zena, simuni anihesabu,
hatua asipoona, hunijia kwa ghadhabu:
"Ulikaa tu mchana, sababu ni nini, babu?"
Nami huinuka pole, meza kuizungukia.

Mfungo huniangusha, sambusa zina hiana,
harusi zanishibisha, pilau sitaikana,
kilo mbili hunivisha, tatu huo mwaka jana;
ngazi hazina hasira, kesho zanisubiria.

Leo ni mwaka wa tano, themanini kilo zangu,
sindano haina neno, hainitii uchungu,
goti lalia maneno, ni la uzee, si langu;
nesi ataka kujua, nini nilichotumia.

Nikataja ndoo, nazi, Marikiti na Karisa,
kaniona mpuuzi, hakuandika kabisa,
alitaka vya wajuzi, vidonge vya kutakasa;
nikamwonyesha viatu, soli zilivyoishia.

Mwanakheri ananita, chumvi imetuishia,
kalamu naifumbata, kandambili navalia,
ubeti nitaukata, njiani tamalizia,
nane nimeshazishuka,