Hodi

Dukani Mwanjelwa wameniuliza, "Mama, rangi gani?"
kana kwamba nimekuja kuchagua kanga.
Nilitaka kusema: rangi ya kutu,
ile ya ubavuni mwa tangi, pale goti langu la kushoto
lilipokwangua wekundu kwa miaka kumi na saba.
Nikasema, nyekundu basi.
Nyekundu tu.

Ya kwanza niliikuta ofisi ya mifugo, Tukuyu,
imeegemea ukuta, haina mwenyewe, betri imekufa.
Bwana Mwakalobo alinikabidhi kwa maandishi,
kisha kwa mdomo akaongeza: hii haiwaki kwa mwanamke.
Iliwaka teke la nne.
Matatu ya kwanza nilimpigia yeye.

Tukapanda. Ndaga, Isongole, Ntokela,
mtungi wa mbegu za madume nyuma, umekazwa kwa mpira wa baiskeli,
ukifuka baridi kama chungu kinachopikwa kinyumenyume.
Ng'ombe aliye kwenye joto hasubiri mtu.
Ukichelewa asubuhi moja umechelewa wiki tatu,
na wiki tatu ni ada ya mtoto wa mtu.
Basi tope, basi ukungu wa mwezi wa sita
unaolala juu ya nyusi,
tulikwenda.

Ilikohoa gia ya pili, kila mlima, kikohozi kilekile,
na kabla sijaikata kona ya mwisho ya migomba
watoto walishapiga kelele: "Daktari huyo!"
Maji yakabandikwa. Sabuni ikatafutwa.
Sikuwahi kubisha mlango Rungwe nzima.
Yenyewe ilinipigia hodi.

Alfajiri ile lori la viazi halikuwa na taa.
Nasema kwa ufupi,
kwa urefu nimeshamwambia trafiki.
Lumbesa zilikuwa zimepangwa juu kama ghorofa.
Nilisikia viazi vikidunda lami, kimoja, kimoja, muda mrefu sana,
nikawaza: vitachubuka, msimu mzima wa mtu.
Halafu ndipo nikawaza mguu.

Sasa nina chuma pajani na skrubu saba.
Fundi Asangalwisye alikuja wodini na soda mbili,
akakaa anaizungusha kofia yake.
"Chesisi imepinda, mama. Kunyoosha naweza.
Ila itakuwa inakumbuka."
Nilimwomba asilirudie neno hilo.
Asubuhi yake daktari wa mifupa alikuwa ameniambia lilelile,
yeye kwa Kiingereza.

Imekwenda vipande vipande.
Kabureta iko Kiwira kwa kijana anayebeba ndizi.
Taa ya mbele, Katumba.
Tangi sijui, na siulizi.
Nilibakiza kiki, nikaitundika jikoni;
mjukuu kaikuta, anachochelea moto.
Nimemwacha.

Hii mpya inawaka kwa kidole gumba.
Mguu wangu bado unanyanyuka wenyewe,
unapiga hewa,
unaumia,
unarudi chini polepole kama aliyemsalimia mgeni kwa kumfananisha.
Sina la kuilaumu. Hainywi mafuta. Haikohoi.
Inapita kwenye migomba kama mwizi wa kuku.

Juzi Ntokela, kwa Bi Tupokigwe,
nilifika hadi mlango wa zizi, hakutoka mtu.
Jikoni hakuna moshi. Kamba ya kanga inadondosha maji.
Ng'ombe peke yake aligeuza shingo, akanitazama,
akarudi kwenye majani yake.

Nilizima.
Nikasimama juu ya chuma changu,
mtungi unafuka mgongoni mwa pikipiki isiyo na mkwaruzo hata mmoja,
nikasema hodi.
Nikaisikia sauti yangu jinsi ilivyo ndogo.
Nikasema tena.

Ndani wakauliza:
Nani?